Jirani wa Shubiri

Simu zote ziliingia kwenye ndoo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeipitisha, ndoo ya plastiki ya kubebea shayiri, akizunguka nayo mbele ya watu wake sita. Alikuwa mwalimu wa farasi wa mbio, mtu mrefu na mkimya, na hasira yake watu waliisoma kwenye mikono ya shati. Akiwa na amani, mikono ilifungwa vifungo. Asubuhi hiyo ilikuwa imekunjwa mpaka juu ya viwiko.

"Nawasomea kitu," alisema, akatoa simu yake, ya pekee iliyobaki nje ya ndoo.

Alifungua programu inayoitwa Kwato Nne. Siku hizo hakuna mpenzi wa mbio asiyekuwa nayo. Ilikuwa na ratiba, majina ya farasi na wapandaji, odi, yaani viwango vya malipo ya kamari, zinazopanda na kushuka kama homa ya mtoto, na ukurasa wa mashabiki ambako yeyote aliandika anachokijua au anachojifanya anakijua. Mwalimu akasoma polepole:

"'Shubiri kabadilishiwa viatu vya mbele, kavalishwa vyepesi. Asubuhi mguu wa kulia unamkatalia kidogo, ila akishapata joto anasahau kama alikuwa anaumwa. Jumamosi msimdharau.' Anayeandika anajiita Jirani wa Shubiri. Wanaomfuata ni watu elfu nne." Akaizima simu. "Viatu vimebadilishwa jana saa kumi jioni. Habari imetoka saa mbili usiku. Waliokuwepo ni hawa ninaowaona."

Alikuwepo daktari wa mifugo, mpanda farasi, wafagizi wawili, Fundi Kwato anayewapigilia farasi viatu, na mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyemtunza Shubiri tangu farasi huyo alipoletwa akiwa bado mwanapunda kwa akili, kama walivyomtania. Mwanamke huyo kila mtu zizini alimwita Ndoo. Hakuna aliyewahi kumwona akipita uwanjani mikono mitupu. Hata siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi alikuta ndoo imeachwa njiani, akaibeba mpaka ofisini, akaulizwa ni nani aliyemwajiri.

"Chama cha mbio kinaweza kunifungia leseni," Mwalimu aliendelea. "Habari za farasi hazitoki hapa kabla ya mbio. Zikitoka, mimi ndiye nimeziuza. Ndivyo watakavyosema. Kwa hiyo mmoja wenu ananichimbia kaburi, na anacheka na mimi kila asubuhi."

Simu zilikaguliwa moja moja ofisini, mwenye simu akiwa amesimama pembeni kama mgonjwa anayesubiri majibu. Hakikupatikana kitu. Zilirudishwa, lakini tangu asubuhi hiyo mambo yaliharibika. Wafagizi waliacha kupiga soga. Daktari alianza kufunga begi lake kwa kufuli. Mpanda farasi akiingia kwenye chumba cha matandiko, waliokuwemo walinyamaza, na yeye akawa anaingia huku anapiga mluzi ili asituhumiwe kunyatia. Mwalimu aliwaagiza pia kwamba jambo hilo lisizungumzwe nje, hata na wake na waume zao.

Ndoo hakuwa na mume. Alikaa na baba yake, mzee aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini mpaka macho yalipomgomea na tundu la sindano likapotea. Cherehani bado ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa, na juu yake ziliwekwa dawa zake za presha. Kwa sababu ya dawa hizo, Ndoo hakumwambia chochote kuhusu simu na ndoo. Alifika nyumbani jioni, akavua viatu vya mpira mlangoni, akapakua chakula.

"Haya mama," baba alisema, kama alivyosema kila jioni. "Wanangu wa miguu minne hawajambo?"

Ndoo akasimulia. Ilikuwa desturi yao tangu mama yake alipofariki, miaka mitatu iliyopita: yeye anasimulia farasi, baba anakula polepole ili hadithi isiishe mapema. Akamweleza Shubiri alivyomng'ata mfagizi kofia, alivyokataa maji mpaka yabadilishwe, alivyotembea na viatu vipya akiinua miguu juu juu kama mtu aliyekanyaga matope. Baba akacheka mpaka akapaliwa. Ndoo alicheka naye, lakini akili yake ilikuwa zizini. Nani?

Kabla hajalala aliiweka Kwato Nne kwenye simu yake, akamtafuta Jirani wa Shubiri. Maandishi yalikuwa mengi, ya miezi mitano. Hayakuwa kama ya wabashiri wengine wenye kupiga kelele, wanaoandika *weka nyumba, weka mke*. Huyu aliandika kwa utulivu, kama mtu anayemzungumzia ndugu. Tena alijua kila kitu: siku Shubiri alipoharisha, siku alipoogopa mfuko wa nailoni uliopeperuka, siku daktari alipomchoma sindano ya misuli. Mtu huyo alikuwa akisimama karibu yake kila siku, na yeye hamjui.

Akaanza kuwachunguza wenzake. Haikuwa kazi ngumu. Ukishaanza kumtilia mtu shaka, hata anavyokunywa maji vinakuwa ushahidi. Daktari aliandika sana kwenye daftari. Mpanda farasi alijua odi kuliko alivyojua njia ya kwao. Lakini jicho lake lilitua kwa Fundi Kwato.

Fundi Kwato alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyochubuka na simu mbili. Ndiye aliyemfundisha Ndoo kusikiliza kiatu kilicholegea kwa mlio wake kwenye sakafu ya saruji, kabla hakijaonekana kwa macho. Miaka tisa walitaniana. Akimkuta kachoka humwambia, "Ndoo, leo umetoboka?" na Ndoo humjibu kwamba afadhali ndoo iliyotoboka kuliko nyundo isiyo na mpini. Sasa utani huo ukawa unamkwaruza. Kwa nini mtu ana simu mbili? Kwa nini moja huiweka kwenye mfuko wa nyuma ya aproni, na akiitoa hugeuka ukutani?

Jumatano alimwona. Ndoo alikuwa ametoka stoo na shayiri, akapita nyuma ya kizimba cha Shubiri, akamkuta Fundi Kwato amepiga goti, mguu wa kulia wa farasi ameuweka pajani, na simu ameishika karibu kabisa na ukwato. Ikawaka taa. Akapiga picha ya pili, ya tatu. Kisha akatazama huku na huku, akaitia simu kwenye aproni.

"Kuna nini?" Ndoo aliuliza.

Fundi alishtuka. "Umenitoa roho, dada! Kuna ufa hapa, mdogo kama unywele. Nitamwambia Mwalimu baadaye."

Baadaye. Ndoo alilibeba neno hilo siku nzima. Jioni alimsimulia baba kuhusu ufa, kwa sababu ulimtia wasiwasi kweli, alimhofia Shubiri. Na asubuhi yake Kwato Nne ilikuwa na habari mpya: Jirani wa Shubiri ameandika kwamba ukwato wa kulia una ufa mdogo kama unywele, lakini fundi ameuona mapema, watu wasiwe na hofu.

Mdogo kama unywele! Maneno yale yale ya Fundi. Ndoo hakusubiri hata kumpa farasi chakula. Aliingia ofisini na ndoo mkononi, akaeleza yote: picha, simu ya pili, kutazama huku na huku, maneno. Mwalimu alimsikiliza akiwa anakunja mkono wa shati, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia.

Fundi Kwato aliitwa mbele ya wote. Hakukataa kwamba alipiga picha.

"Napiga picha kila ukwato wa kila farasi," alisema. "Nikirudi wiki ya pili nalinganisha. Tazama, hizi hapa, za miaka. Simu hii ni ya kazi tu, haina hata vocha."

"Na ufa? Kwa nini sikuambiwa siku ile ile?"

"Ulikuwa na mwenye farasi ofisini, Mwalimu. Nilifika mlangoni mara mbili. Niulize nikuonyeshe nilipokaa."

"Maneno yako yamo kwenye programu. Neno kwa neno."

Fundi akawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayetafuta farasi anayechechemea kwenye msafara. Alipofika kwa Ndoo, Ndoo aliinama akatazama shayiri. Fundi alifungua aproni, akakusanya nyundo, koleo, tupa na kisu chake cha kwato, akavitia kwenye sanduku, akaondoka kwa miguu kwa sababu pikipiki yake ilikuwa gereji. Lango lilifungwa nyuma yake.

Jumamosi ile Shubiri alikimbia akawa wa pili. Mwalimu alifunga vifungo vya mikono ya shati. Wafagizi walirudia soga zao. Siku tano nzima Jirani wa Shubiri hakuandika kitu, na kila siku iliyopita ilikuwa kama mhuri juu ya hukumu ya Fundi Kwato. Hakuna aliyejua kwamba siku hizo tano Ndoo alikula kimya nyumbani. Alimwambia baba anaumwa kichwa. Kichwa hakikumuuma, alikuwa akimwona Fundi Kwato akitembea barabarani na sanduku lake, akilihamisha mkono huu kwenda mkono ule.

Siku ya sita baba alimbembeleza. "Hata neno moja tu kuhusu Shubiri, mama. Nyumba imekuwa kama hospitali."

Ndoo akamhurumia. Akamweleza kwamba tangu mbio, Shubiri anakula kama bi harusi mbele ya wakwe: anachota kidogo, anatazama mlango, anachota tena, na ukigeuza kisogo tu anamaliza sahani nzima. Baba alicheka akapiga meza. Na Ndoo alilala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Mwalimu aliwaita tena uwanjani. Hakuja na ndoo. Alikuja na simu peke yake, na uso wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Amerudi," alisema. Akasoma: "'Nawasalimu nyote. Tangu mbio Shubiri anakula kama bi harusi mbele ya wakwe. Anachota kidogo, anatazama mlango, anachota tena. Ukigeuza kisogo anamaliza sahani. Hana ugonjwa, ana madaha tu.'"

Mfagizi mmoja hakuweza kujizuia, akacheka. Wa pili akafuata, hata daktari akatabasamu, kwa sababu kweli, ndivyo Shubiri alivyokula. Ndoo peke yake hakucheka. Sahani. Farasi hali kwenye sahani. Yeye ndiye aliyesema sahani, jana, akiwa ameshika mwiko, katika chumba chenye watu wawili.

Aliomba ruhusa, akasema tumbo limemkamata.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Baba alikuwa ameandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa za asiyeona vizuri: NIMEENDA KINYOZI. Simu yake ilikuwa mezani inachajiwa, ile aliyomnunulia yeye mwenyewe mwaka jana, akamfundisha kukuza maandishi yawe makubwa kama matofali. Ndoo alikuwa hajaketi vizuri ilipoanza kulia. Namba haikuwa na jina. Akapokea, akanyamaza.

"Shikamoo Baba!" Ilikuwa sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyezoea kubisha hodi na kuuza vitu. "Ya leo imependwa sana, Baba, ile ya bi harusi. Watu wanaulizia mguu sasa. Binti amesema lolote kuhusu mguu? Ukiweza jioni hii umuulize, lakini polepole tu, kama kawaida yetu. Baba? Unanisikia?"

"Binti ndiye anayekusikia," Ndoo alisema. "Wewe ni nani?"

Kijana akanyamaza. Katika ukimya huo Ndoo alisikia chumba alichokuwemo. Kilikuwa chumba kikubwa chenye watu wengi, na wote walikuwa wakizungumza na simu. Mmoja alisema, *Shikamoo Mama, habari za huko, mwanao anaendeleaje na kazi?* Mwingine akasema, *Babu, yule mjukuu wako mpanda farasi leo amepima kilo ngapi?* Kisha simu ikakatwa. Alipopiga, aliambiwa namba hiyo haipatikani. Alipiga mara saba.

Baba alirudi na kichwa kinang'aa, anaimba chini chini. Akamkuta binti yake amekaa mezani bado amevaa viatu vya mpira, jambo lisilofanyika nyumba ile.

"Baba, Jirani wa Shubiri ni nani?"

Mzee akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomuumiza Ndoo kuliko yote: lilikuwa la mtoto aliyefumaniwa anaficha zawadi.

"Umenigundua! Nilitaka wafike elfu tano ndipo nikuonyeshe. Watu wanazipenda hadithi zako, mama. Mmoja aliandika kwamba anawasomea watoto wake." Akamtazama vizuri, akasogea karibu ili amwone. Tabasamu likashuka. "Kuna nini?"

"Wamekupa nini?"

"Nani?"

"Usinizungushe, Baba. Wamekulipa nini?"

"Nyota," mzee alisema.

"Nyota gani?"

Akachukua simu, akaibonyeza kwa kidole kimoja mpaka ikatokea safu ya nyota ndogo za dhahabu. "Ninazo mia tatu na kitu."

"Zinanunua nini?"

"Hazinunui kitu. Zinawaka tu."

Ndoo hakumwamini. Hilo alilikumbuka baadaye kwa aibu kubwa kuliko mengine yote: kwamba hakumwamini baba yake. Aliinuka, akafungua droo, akafungua sanduku la cherehani, akainua godoro. Mzee alikaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akimwacha apekue. Zilitoka nyuzi, vifungo, kadi ya kliniki, picha za mama. Na chini ya godoro, daftari la shule. Ndoo alilifungua akiwa na uhakika kwamba amefika kwenye hesabu za malipo. Lilikuwa na tarehe, na chini ya kila tarehe mistari mikubwa iliyopinda: *Jumanne. Shubiri kaogopa mfuko. Mwanangu kambembeleza kwa wimbo. Alhamisi. Mwanangu karudi kachoka, mgongo. Hakusimulia, nisimsumbue.* Kurasa na kurasa.

"Naandika kwanza humo nisisahau," mzee alisema. "Kisha yule kijana akipiga namsomea, ananisaidia kuweka herufi vizuri. Ana adabu sana. Ananipigia kila siku. Tangu mama yako aondoke, wanaonisalimia kwa siku ni wewe na muuza maziwa. Kuna ubaya gani, mama? Niambie ubaya."

Ndoo akamwambia. Alimweleza simu ndani ya ndoo, leseni, picha, sanduku la vyuma, lango. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Huyo fundi ana watoto?"

"Watatu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa chafu.

Mchana ule ule Ndoo alikwenda kumtafuta Fundi Kwato. Alimkuta kwenye shule ya kufundishia watoto kupanda farasi, upande wa pili wa mji, amepinda chini ya farasi mzee aliyechoka. Alimsalimu, Fundi aliitikia bila kuinua kichwa. Ndoo akasema yote akiwa amesimama, bila kujipamba. Kwamba ni yeye aliyemsemea. Kwamba aliyekuwa akiandika ni baba yake, na maneno yalitoka mdomoni mwake yeye mwenyewe, kila jioni, juu ya sahani.

Fundi aliendelea kukwangua kwa tupa. Mavumbi meupe ya ukwato yalimwangukia viatuni.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe. "Ungeniuliza tu siku ile, pale pale kizimbani. Fundi, mbona unapiga picha? Ningekuonyesha zote. Miaka tisa, Ndoo."

"Najua."

"Mke wangu naye aliniuliza kama ni kweli. Usiku huo huo. Aliniuliza mara mbili." Akaushusha mguu wa farasi, akanyoosha mgongo. "Mwambie Mwalimu. Mimi sirudi kwa kubembelezwa na wewe. Nikirudi, nitarudi kwa sababu yeye kaniita."

Jioni hiyo Mwalimu alimsikiliza Ndoo hadi mwisho pia, na alipomaliza kusikiliza hakukunja wala hakufungua mkono wa shati. Alitazama dirisha.

"Nitajuaje kama hamkupanga, wewe na mzee wako? Leo mmeona maji yamefika shingoni, mnakuja na hadithi ya kijana mwenye adabu."

Ndoo alifikiria daftari, nyota, kile chumba chenye sauti nyingi. Akaona kwamba yote hayo, kwa mtu mwenye shaka, ni takataka. Mwenyewe alikuwa ameyatazama asubuhi ile ile na asiyaamini.

"Huwezi kujua," alisema.

Pengine jibu hilo lilimwokoa. Mwalimu hakumfukuza. Alimwondoa kwa Shubiri, akampeleka uwanja wa chini wanakotibiwa farasi majeruhi, wale ambao hakuna programu inayowataja, na simu akawa anaiacha langoni. Barua ya kumwita Fundi Kwato aliiandika kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe. Kwa chama cha mbio aliandika pia kuhusu wale vijana wanaopiga simu kwa wazee. Alijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Kwato Nne nao walijibu: hawana wafanyakazi wa namna hiyo, na wanathamini sana mchango wa mashabiki wao.

Asubuhi baada ya Ndoo kumkabili Mwalimu, mzee aliomba asaidiwe kuandika kwa mara ya mwisho. Ndoo alikaa naye, akarekebisha herufi tu. Aliandika: *Mimi si mtabiri. Mimi ni mzee nisiyeona vizuri, na niliyoyaandika nilisimuliwa na mwanangu mezani. Kwa maneno yangu mtu asiye na kosa alipoteza kazi. Sijui kitu kuhusu Jumamosi. Msicheze kwa ajili yangu. Nawaaga.*

Walisubiri majibu, bega kwa bega. Yalianza kumiminika kabla ya dakika moja. Wa kwanza aliandika: *Mzee anatuficha kitu.* Wa pili: *Ameambiwa aseme hivi ili odi zipande. Kaeni macho.* Wa tatu alihesabu maneno ya sentensi ya kwanza, akakuta matatu, akasema ni namba ya Shubiri kwenye mbio za Jumamosi, ujumbe uko wazi kwa mwenye akili. Wa nne akamshukuru. Mpaka mchana odi za Shubiri zilikuwa zimeporomoka kwa jinsi watu walivyomkimbilia.

"Nimewaambia sijui kitu," mzee alisema, akishangaa kwa dhati. "Nimewaambia kwa Kiswahili."

"Hawaamini, Baba."

Jumamosi Shubiri alikuwa wa sita. Jioni hiyo matusi yalijaa ukurasa mzima. Wengine walimwita tapeli, wengine walisema walijua tangu mwanzo. Mzee alitaka kuyasoma yote, alisema ni haki yake kuyasoma, lakini Ndoo alimwomba simu, akaiondoa programu mbele ya macho yake. Nyota zikaenda nayo.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi nyumbani. Ndoo akifika, baba haulizi. Anasema chakula kizuri, anasema mvua imenyesha au haikunyesha. Wiki ya pili Ndoo mwenyewe alienda kwa jirani wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu mwenye nguo za kupunguza, akamwomba amletee mzee kazi ya mkono isiyohitaji macho makali. Yule mama alikuja na sketi mbili, akakaa saa tatu.

Fundi Kwato alirudi zizini mwanzo wa mwezi. Aliwasalimu wafagizi, akamsalimu daktari, akaenda moja kwa moja kwa Shubiri. Uwanja wa chini hakufika kwa siku nyingi. Alipofika ilikuwa kazi: farasi dume mkubwa mwenye jipu kwenye ukwato wa nyuma, asiyekubali kuguswa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika isipokuwa Ndoo.

Ndoo alishika hatamu, akawa anamnong'oneza farasi sikioni. Fundi alipiga goti, akafungua kitambaa, akatazama jipu. Akatoa simu yake ya kazi, akapiga picha. Kisha akaigeuza skrini kumwelekea Ndoo, akaishika hivyo mpaka alipohakikisha ameiona vizuri.

"Hii ya leo," alisema. "Ijumaa tutalinganisha."

"Sawa, Fundi."

Farasi alitikisa mguu wa nyuma. Fundi alinyoosha mkono, akamsukuma Ndoo begani hatua moja pembeni.

"Usisimame hapo," alisema. "Huyu anapiga."